Kibao Nilichofunga kwa Bolti Nane

Kile kibao cha buluu kilichokuwa ghorofa ya kwanza pale mtaani Tassia, Nairobi, chenye maandishi TIBA YA MGONGO BILA DAWA, mimi ndiye niliyekifunga. Nilikifunga kwa bolti nane, zile zinazotanuka ndani ya simiti. Nne zingetosha. Lakini mimi nina diploma ya majokofu na viyoyozi, na nimefunga mitambo juu ya mapaa ya Ghuba ambako upepo wa jangwani hung'oa vyuma, kwa hivyo sijui kufunga kitu nusunusu. Nilipomaliza nilimwambia mwenye kibao, rafiki yangu Fanueli, "Hiki hakitoki hata jengo lianguke."

Tangu habari zangu zijulikane, watu wenye migongo mibovu hunisimamisha njiani kuniuliza nilifanya nini. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama. Habari za pingili na mishipa sitazigusa, madaktari wapo. Nitasema nilivyongoja, nilivyovimba, na nani alinivimbisha.

Kwanza nijitambulishe. Asili yetu ni Kakamega, lakini mimi nimelelewa Dandora na dada yangu Rispa baada ya mama kufariki. Dada amenizidi kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa akifua nguo za watu kule Buruburu, ameinama juu ya karai tangu asubuhi, na kwa makarai hayo mimi nikasoma hadi diploma. Yaliyobaki nilijifanyia mwenyewe. Sikuwa na mjomba ofisini wala mchungaji wa kuniandikia barua. Nilikaa Ghuba miaka kumi na mmoja, nikarudi na vifaa ambavyo mafundi wengi wa Eastlands walikuwa wameviona kwenye picha tu. Nikafungua karakana Tassia, nikaajiri mafundi watatu, diploma yangu nikaitundika ukutani ndani ya kioo. Mtaani hakuna anayeniita Eliudi. Naitwa Injinia.

Mgongo uliniacha mwanzoni mwa masika ya mwaka jana. Mwenye buchari alileta friza yake ndefu juu ya mkokoteni, na mafundi wangu wakasema wangoje mtu wa nne asaidie kuishusha. Niliona aibu. Friza moja, wanaume wanne? Nikaikumbatia mwenyewe.

"Injinia, ngoja kwanza!"

"Nyinyi hamjala leo?" nikawajibu, nikainua.

Kitu kikakatika chini ya kiuno, kimyakimya, kama kamba ya kiatu inavyokatika ukiivuta kwa haraka. Sikuiachia friza. Niliifikisha chini kwanza ili wasione, halafu nikaenda kusimama nyuma ya karakana, nimeuma mkono wa shati langu.

Wiki ya pili maumivu yalishuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kisigino, kama waya wenye moto. Nikaanza kula nimesimama kando ya kabati. Chooni nilikwenda na fimbo. Mke wangu, Mama Debra, alinivika soksi kila asubuhi amepiga magoti mbele yangu, nami nikiangalia utosi wake nilitamani ardhi inimeze. Mwanamume aliyebeba kompresa ngazi kwa ngazi mpaka ghorofa ya ishirini, anavikwa soksi!

Hospitalini nilijifunza kungoja. Mwenye mgongo mbovu hawezi kungoja ameketi. Siku ya kwanza mzee mmoja aliyekuwa ameegemea pembe ya ukuta aliniona nikihangaika, akasogea. "Njoo kwa kona, kijana. Viti hivi ni vya watu wazima wa afya." Nikaegemea pale saa tatu nzima, na mpaka leo nikiingia hospitali yoyote natafuta kona kabla ya kutafuta daktari. Nilipigwa eksirei, nikapewa vidonge. Vidonge vilipunguza moto wa mguu, vikawasha mwingine tumboni. Daktari akasema tungoje, na kama mguu utazidi kulegea tutazungumza habari za upasuaji.

Hilo neno liliniondoa hapo. Nimefungua mashine nyingi maishani mwangu, na najua kwamba kitu kikishafunguliwa hakirudi kabisa vile kilivyotoka kiwandani.

Ndipo nikampigia Fanueli.

Fanueli tulilala kitanda kimoja cha ghorofa kule Ghuba, yeye juu, mimi chini, chumba cha wanaume kumi na wawili. Alikuwa akisafisha sakafu kwenye jumba la mazoezi la hoteli, na kwa kutazama tu alijifunza kazi ya wale waliokuwa wakinyoosha wageni viungo. Jioni alitunyoosha sisi. Mikono yake ilikuwa na akili. Nilipougua homa hadi nikaanza kuongea peke yangu, ni yeye aliyenilisha wali kwa kijiko na kuniosha miguu. Aliporudi nyumbani akafungua chumba cha matibabu palepale Tassia, mwendo mfupi kutoka karakana yangu, na nilikuwa nimempuuza. Nilimwona kama mtu wa mkono mtupu, asiye na cheti.

"We bana," akaniambia kwenye simu, "mgongo unakutesa hivyo na mimi niko hapa? Ama Injinia siku hizi anatibiwa na ma-Injinia wenzake?"

Alikuwa na kitanda cha ngozi chenye tundu la kuingiza uso. Alinigeuza upande, akanikunja goti, akaniwekea kiwiko chake kwenye nyonga.

"Vuta pumzi. Toa. Usinisaidie, wewe legea tu."

Ka! Mgongo ukalia kama kuni kavu. Niliposimama, kwa mara ya kwanza tangu masika nilikuwa wima. Raha hiyo ilidumu mpaka saa tisa alasiri.

Nilikwenda kila Jumanne na Ijumaa. Nataka niwe mkweli hapa, maana ndipo penye uchungu wangu: mikono ya Fanueli ilikuwa ikinisaidia. Baada ya mwezi niliweza kuketi mpaka kikombe cha chai kikaisha. Baada ya mwezi na nusu nikavaa soksi mwenyewe, mguu wa kulia. Ilikuwa inakuja, polepole. Lakini baridi ya Julai ilikuwa imeingia, mafundi wangu walikuwa wakiharibu kazi za watu, na mimi si mtu wa polepole.

"Fanu, huu ni mwendo wa konokono."

"Si nilikwambia miezi sita?" akasema. Kisha akafungua droo, akatoa kikopo cheupe kisicho na maandishi. Ndani mlikuwa na unga wa rangi ya vumbi. "Kijiko kimoja kwenye uji, kila asubuhi."

"Ni dawa?"

"Mimi na dawa wapi na wapi? Ni chakula cha mifupa. Mbegu, mizizi, maganda ya miti. Nyanya yako alikula hivi vitu akalima mpaka akiwa na miaka tisini."

Siku ya tatu niliamka na sikusikia chochote. Nilikaa kitandani nikitafuta maumivu, kama mtu anayetafuta simu mfukoni. Yalikuwa yameondoka. Nikainama nikagusa vidole vya miguu. Nikamwita Mama Debra aje aone. Akalia, nami nikalia.

Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilivua koti, nikainama mbele ya washirika wote nikagusa sakafu kwa viganja, na kanisa likapiga vigelegele. Niliwaambia vidonge viliniunguza tumbo, kisu kilikuwa kinaningoja, lakini ndugu yangu Fanueli ameniponya bila dawa hata chembe. Nikataja jengo. Nikataja ghorofa. Wiki iliyofuata foleni ya Fanueli ilifika kwenye ngazi, na mimi kwa shukrani nikamchoreshea kibao na kukifunga kwa mikono yangu, na ndani nikamwekea kiyoyozi.

Mnamo Septemba nikaanza kunenepa. Mashavu ndiyo yaliyotangulia. Sasa, wewe msomaji kama umekaa Eastlands unajua mashavu yana maana gani kwa mtu aliyerudi kutoka nje. Tuliorudi hutazamwa usoni. Ukikonda, watu husema pesa zimekwisha. Ukijaa, husema bado zipo. Nilipojaa, mtaa mzima ulifurahi kwa niaba yangu.

"Injinia, niaje! Naona Ghuba imerudi kwa mashavu!"

"Mama Debra anakupikia nini, bana? Tuletee masufuria tulambe."

Nami nilipenda. Nilinunua mashati mapya kwa sababu kola za zamani hazikufunga. Nilipiga picha mbele ya karakana nikaiweka kwenye kundi la simu la wenzangu wa Ghuba. Tumbo lilipata mistari ya zambarau kama mikwaruzo ya paka, nikasema ni kunona. Nilijigonga kidogo mlangoni, mkono ukawa mweusi wiki mbili, nikasema ni damu nyingi. Usingizi ulinipotea, na nikawa na hasira zisizo na mwenyewe. Siku moja nilirusha sahani ya ugali ukutani kwa sababu mboga ilikuwa na chumvi. Mama Debra aliokota vipande. Alipomaliza akasema, "Ulipokuwa mgonjwa nilikuwa na mume." Hata hilo sikulisikia. Nilikuwa mzima. Kioo kilisema hivyo, na mtaa pia.

Dada Rispa alikuja kunitembelea mwezi huo. Ana kibanda cha mboga Dandora, anauza kunde, saga na mrenda, na mgongo wake ulikuwa umeinama tangu siku za makarai. Alinitazama sana mlangoni.

"Eliudi, hayo mashavu umeyatoa wapi? Kwetu hakuna mwenye uso kama huo."

"Ni afya, Dada. Na wewe utaipata."

Nikampeleka kwa Fanueli siku hiyohiyo. Akamnyoosha kwa upole sana, nakumbuka, kama mtu anayekunja nguo za sherehe. Kisha akampa kikopo. Dada akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza. "Mimi niko na sukari. Nina vidonge vya hospitali. Hii itapatana navyo?"

Fanueli alinitazama mimi. Alijua nani anasikizwa katika familia yetu.

Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Dada, chakula hakigombani na mtu. Ni hivyo vidonge vinavyochosha mwili. Viweke kando kwanza uone." Fanueli angeweza kusema hapana. Alifunga droo.

Naye Dada aliviweka kando, kwa sababu aliyemwambia ni yule aliyesomeshwa kwa mgongo wake.

Mvua za Novemba zilipoanza Dada alikuwa amenyooka. Alinipigia simu akicheka kwamba ameinua gunia la sukuma wiki bila kuomba msaada. Uso wake nao ukajaa, na wateja wake wakamwambia ameanza kula pesa za kaka yake. Kiatu kilimchubua kidole cha mguu, hakujali. Alikuwa na kiu, akakunywa maji, akaenda msalani, akakunywa tena. Wiki moja kabla ya Krismasi jirani yake alinipigia: Dada ameanguka kibandani juu ya mboga.

Tulimfikisha hospitali ya umma ile iliyokuwa karibu. Walimwekea maji ya mshipani akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, kwenye kishoroba, maana vitanda vilikuwa vimejaa. Niliegemea kona yangu. Kidole cha mguu kilikuwa cheusi na kilikuwa na harufu ambayo mimi kama mtu wa majokofu naijua vizuri.

Muuguzi mmoja alipita, akatutazama, akatabasamu. "Mgonjwa ni pacha wako?"

Nikadhani anatania. Dada ni mwembamba, uso mrefu wa baba. Mimi nilichukua uso mpana wa mama. Tangu utoto hakuna aliyewahi kusema tunafanana. Mama mmoja aliyekuwa akingoja upande wa pili akadakia, "Hata mimi nimeona. Mapacha kabisa, Mungu awaweke."

Nikamtazama Dada. Kope zilikuwa zimefumba, mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa vijistari, shingo imeingia mabegani. Nilikuwa naangalia uso ninaounyoa kila asubuhi.

Daktari alipokuja alikuwa msichana, pengine mdogo kuliko fundi wangu wa mwisho. Alisoma karatasi za Dada, kisha akaziweka chini akanigeukia mimi.

"Wewe uso wako umekuwa hivyo tangu lini?"

"Mimi si mgonjwa, daktari. Mgonjwa ni huyu."

"Nimekuuliza tangu lini." Akaniambia nifungue shati. Akaona mistari ya zambarau. Akaona nundu nyuma ya shingo, ambayo mimi sikuwahi kuiona kwa sababu iko nyuma. "Mnakula nini nyinyi wawili ambacho wengine hapo nyumbani hawali?"

Nilimwambia ni unga, kwamba si dawa. Nilimwambia nina diploma, ningejua. Hakunicheka. Alisema, "Baba, hiyo ni dawa. Ni ile kali ya kuzima uvimbe, jamii ya steroidi, imesagwa humo. Ndiyo iliyompandishia huyu sukari. Nimeona nyuso kama hizi nyingi mwaka huu." Na nilipomwambia naenda kukimwaga kikopo chote chooni, akanishika mkono. "Usiache leo. Mwili umeshazoea, ukiacha ghafla utaanguka na wewe. Tutaipunguza kidogo kidogo, na mimi nitajua unakunywa kiasi gani." Hilo nalirudia kwako unayesoma, kwa sababu hasira ingeniua: usiache ghafla, nenda hospitali ukiwa umebeba kikopo chenyewe.

Kesho yake nilikwenda kwa Fanueli. Foleni ilikuwa kwenye ngazi, wakanipisha, maana walinijua. Mama mmoja akasema, "Ndiye yule wa ushuhuda."

Nikaweka kikopo juu ya kitanda cha ngozi. "Kuna nini ndani?"

"Si nilikwambia?"

"Rispa yuko hospitali. Watakata kidole."

Aliketi. Kwa muda alikuwa yule Fanueli wa kitanda cha juu, na nilidhani angelia. Kisha akasema, "Nanunua kwa mtu mjini. Sisagi mimi. Naye aliniambia ni mizizi."

"Na ulimwamini?"

"Wewe uliniamini?" Akainua macho. "Injinia, mikono yangu ingekuchukua miezi sita. Nilikwambia? Nilikwambia. Ukasema konokono. Kila mtu aliye kwenye hiyo ngazi anataka kupona Ijumaa. Na nani aliwaleta? Mimi nilikuwa na watu wanne kwa wiki. Wewe ulisimama kanisani ukainama."

Nilitaka kumpiga. Ninasema wazi, nilikunja ngumi. Lakini kilichonilegeza ni mikono yake, ilikuwa juu ya magoti, na nikakumbuka kijiko cha wali. Mtu aliyekuosha miguu ukiwa huna fahamu, anajuaje kukupa sumu ukiwa na fahamu? Swali hilo sijalijibu. Nikatoka. Nilipopita kwenye ngazi sikumwambia mtu yeyote neno, na hilo limeniuma kuliko ngumi ambayo sikuitupa. Walikuwa tisa. Niliwahesabu nikishuka.

Januari Fanueli alihama na kitanda chake bila kuaga. Simu yake haipatikani.

Katika jua la Januari na Februari nilikuwa napunguziwa unga, na maumivu yote niliyodhani yameondoka yakarudi yakiwa yamekaribisha wageni. Viungo viliniuma hadi vidole. Nilikuwa nachoka nikipiga mswaki. Uso ukaanza kushuka, na mtaa ukaona.

"Injinia, mambo? Umekonda hivi, kwani kuna shida?"

Kanisani nilianza kuketi nyuma. Dada alikatwa vidole viwili, si kimoja, na kwa wiki tatu hawakujua kama mguu utabaki. Kila siku nilipokwenda kumwona nilingoja aniseme. Hakunisema. Aliniuliza kama nimekula. Mama Debra ndiye aliyenisema, jioni moja akinikanda mgongo kwa taulo la maji ya moto. "Ulimwamini mtu wa Ghuba kuliko mimi niliyekuvika soksi. Nilikwambia hasira zile si zako." Akaendelea kukanda. Hakuwahi kuacha kukanda, na hiyo ni moja ya huruma ndogo ndogo ninazozihesabu.

Nyingine ni ukumbi wa mazoezi ya viungo pale hospitalini. Ni chumba kirefu chenye mikeka ya plastiki na dirisha lililovunjika kioo kimoja. Mtaalamu wetu, Bi. Auma, hana maneno mengi. Masika ya pili ndiyo yalinikuta pale, nimelala kifudifudi, nainua kifua kwa viwiko, mara kumi, napumzika, mara kumi tena. Kisha chali, magoti juu, nainua nyonga. Kisha kutembea, mwanzo kutoka mlangoni hadi dirishani. Pembeni yangu alilala mwashi, mwalimu mstaafu, na mwanamke anayechagua plastiki kwenye jalala la Dandora. Hakuna aliyejua kama nina diploma. Siku moja niliitaja. Bi. Auma akasema, "Vizuri sana. Inua nyonga."

Sitaki uelewe kwamba kunyooshwa mgongo ni uongo. Bi. Auma mwenyewe hunyoosha, na mikono yake hufanya kazi ileile ya Fanueli, bila mlio mkubwa. Mgongo wangu umepona bila dawa, kwa mkeka, taulo la moto na kutembea, na umechukua karibu nusu mwaka. Ni muda uleule alioniambia Fanueli. Hapo ndipo ninapoumia: alichoandika kwenye kibao kingekuwa kweli kama tungengoja.

Agosti hii keateka anayelitunza lile jengo akanipigia. Watu bado walikuwa wakipanda ngazi kwa sababu ya kibao, wakigonga mlango wa mpangaji mpya ambaye ni fundi cherehani. Keateka alijaribu kukitoa akashindwa. "Injinia, hizi bolti ulifunga kwa ajili ya kiama?"

Nilikwenda na ngazi ya chuma, ikibebwa na mafundi wangu wawili, tukaisimamisha kwenye baraza ya ghorofa, mbele ya mlango wa fundi cherehani. Dada Rispa alikuwa amekuja kutoka mazoezini, maana siku hizi tunakwenda pamoja, yeye na fimbo yake na kiatu kilichojazwa pamba pale mbele. Akasema anataka kuona. Akaketi kwenye kigoda cha fundi cherehani, akashika mguu wa ngazi kana kwamba angeweza kunidaka.

Nilikuwa sijapanda ngazi tangu mgongo uniache. Nilipanda kama alivyonifundisha Bi. Auma, tumbo limekazwa, goti kwanza. Bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilitoka zikipiga kelele. Kazi nzuri huwa haipendi kutenguliwa. Nilikuwa nimebakiza mbili, na kibao kimening'inia upande, niliposikia viatu vinapanda ngazi za jengo polepole, kimoja kikiburutwa.

Alikuwa mama wa makamo, mkono umeshika kiuno, uso una jasho. Akasimama, akavuta pumzi, akasoma kibao kilivyopinda.

"Jamani, Dakta amehama?"

Fundi cherehani akaacha kukanyaga cherehani yake.

"Nimetoka mbali," yule mama akasema. "Niliambiwa kanisani kwetu. Kuna injinia mmoja alikuwa hawezi hata kuketi, akaponywa hapa, bila dawa yoyote. Aliinama mbele ya watu akagusa sakafu. Mnamjua?"

Spana ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema simjui. Nilikuwa juu, alikuwa ananiona mgongo tu, na nimekonda siku hizi, hakuna ambaye angenitambua kwa mashavu.

"Mimi ndiye huyo injinia," nikasema nikiwa nimeukabili ukuta.

"Asifiwe Mungu! Kwa hivyo ulipona?"

Sikujua nianzie wapi. Kwa friza, kwa kikopo, kwa uso wa Dada kwenye kishoroba? Nikafungua mdomo, nikiwa bado nimeshikilia kibao.

Dada akagonga ngazi kwa fimbo yake, mara mbili.

"Shuka kwanza, Eliudi," akasema. "Usimwambie ukiwa huko juu." Kisha akasogea kwenye kigoda, akampisha yule mama nusu ya kiti, akavua kile kiatu.